Boti Iliyonukia Dawa ya Meno

Uvumi ulinifikia siku ile ile nilipoigusa boti na mkono wangu ukarudi mweupe. Vumbi kiganjani, uvumi sikioni. Vumbi nililinawa kwa sabuni likatoka. Uvumi haukutoka.

Walisema hivi, kwenye kamba za kuanikia nguo: mkaguzi wa vyombo vya majini hainami. Ana mgongo mbovu, au ana uvivu, sijui. Anachofanya ni kupitisha kiganja ubavuni mwa boti, hivi, kama mtu anayepapasa ng'ombe mnadani, halafu anakitazama kiganja chake juani. Kikiwa kisafi, boti imepita. Kikiwa cheupe, boti imekataliwa, na utamsubiri arudi mwakani.

Nani alisema? Mimi nilisikia kwa dobi, jirani yangu, ambaye mtaa mzima tunamwita Povu. Povu alisikia kwa mteja. Mteja alisikia kwa mtu anayefanya kazi na mtu. Nilijua kabisa kwamba maneno ya namna hiyo hayana kichwa wala miguu. Lakini nikafagia nayo, nikapika nayo, nikayala pamoja na chakula, na chakula kikawa na ladha ya chaki.

Nakuandikia wewe, mama mwenzangu, wewe mwenye mtoto na mwenye kabati la jikoni. Shule yangu iliishia ya msingi, kwa hiyo sina maneno makubwa ya kukuzungusha nayo. Nina mkono tu. Nusa mkono wangu. Wiki ya tatu hii, na bado unanukia kama kinywa cha mtu aliyeamka sasa hivi.

*

Boti ilikuwa ya kaka yangu. Magoti yalipomkataa aliileta nyuma ya nyumba yetu, akaiweka juu ya magogo manne, akaifunika turubai, akaondoka bila kuiaga. Mvua za miaka sita zikapita juu yake. Jua la miaka sita likapita juu yake. Turubai likachanika vipande vipande kama gauni la kichaa, na jua likaingia kwenye kila mpasuko likakaa.

Binti yangu alipomaliza mafunzo ya kuendesha vyombo vya majini, mjomba wake alimwambia, "Ichukue, mpwa wangu. Mimi na maji tumeshaachana, tena kwa wema."

Miaka miwili baada ya mafunzo, binti yangu alikuwa bado nyumbani. Mtaani wakamwita Nahodha wa Nchi Kavu. Walimwita hivyo akienda dukani, akirudi dukani, akitwika ndoo kichwani. Sisi nyumbani tukalikata lile jina mkia, tukabaki na Nahodha, ili angalau likitoka kwetu lisiume. Cheti chake alikiweka ndani ya mfuko wa plastiki, na nilimwona anavyokitoa, anavyokitazama, anavyokirudisha. Mama haoni jambo kama lile akabaki mzima.

Ndipo zahanati ya ng'ambo ikatafuta boti. Boti ya kuvusha wauguzi asubuhi, na kina mama wenye matumbo yao, na wazee wa kupimwa presha. Nahodha akaenda, akaongea nao, wakamwambia: leta boti yenye cheti cha ukaguzi, Jumamosi uanze. Mkaguzi akaahidi kuja Ijumaa jioni.

Siku hiyo tukalitoa turubai.

Ewe boti, sikufichi, nilikuchukia. Ndani yako kulikuwa na maji ya rangi ya chai iliyolala, na viluwiluwi vya mbu vinacheza. Mende walitoka chini ya ubao wa kukalia, wanene, taratibu, kama wenye nyumba wanaosumbuliwa na wageni. Mavi ya mijusi yalikauka kwenye kingo. Utelezi wa kijani ulishuka ubavuni kama kamasi. Na weupe wako, weupe waliosema ulikuwa unameta mpaka unaumiza macho, ulikuwa weupe wa ulimi wa mgonjwa wa homa. Nilikugusa, ukanipaka. Nilijifuta kwenye kanga, na kanga ikabeba alama ya vidole vitano kama ya mtu aliyenishika kwa nguvu.

"Ni jua tu, mama," Nahodha aliniambia. "Boti ya faiba ikipigwa na jua inakuwa hivi. Imekufa ngozi ya juu. Kuna dawa yake, na kuna nta yake, zinauzwa kule ninakotengenezewa injini. Nikirudi nazo, kwanza naikagua, ndipo naisugua. Usiiguse. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Umesikia, au umesema umesikia?"

Nilicheka. Akapanda gari akiwa na injini mbovu ya boti, akaenda kwa fundi, siku tano.

Kwanza naikagua, ndipo naisugua. Maneno manne, matano, mepesi, hata mtoto wa darasa la kwanza angeyashika. Mimi nilikuwa nimeshika mengine. Kiganja. Kiganja cheupe. Kiganja cha mkaguzi juani. Akija mapema je? Akija mwanangu hajarudi je? Akikataa je, na lile jina la nchi kavu likamganda mwanangu mpaka uzeeni?

Siku ya pili nilifungua kabati la jikoni.

*

Tulianza na sabuni ya unga, mimi na Povu. Povu ana mikono ya kazi, mikono iliyotoka ngozi na kuota nyingine mara nyingi mpaka haijui tena ni ya umri gani. Tulisugua. Mende walielea, utelezi ukatoka vipande vipande, na maji machafu yakatuingia kwenye ndala yakachuruzika kati ya vidole. Ilipokauka, weupe wa mgonjwa ulikuwa pale pale.

Tukaleta siki. Tukaleta malimau. Tukaleta majivu ya jikoni. Tukaleta waya wa kusugulia masufuria, ukaacha mikwaruzo, na katika mikwaruzo vipande vidogo vya waya vikabaki, na kesho yake kila kipande kilikuwa kimeshika kutu, madoa madogo ya kahawia ubavu mzima, kama boti imepata upele.

Mume wangu ni fundi redio. Anakaa barazani, mgongo kwetu, bisibisi mkononi. Hakugeuka. "Mwenye boti amesema isiguswe," alisema.

"Wewe gusa redio zako," nikamjibu.

"Redio haizami," alisema, akaendelea na kazi yake.

Nayasikia mpaka leo yale maneno mawili. Wakati ule tulimcheka, mimi na Povu, tukaingia jikoni kutafuta kitu kikali zaidi.

Hapa mama mwenzangu nisikilize, hapa hakuna utani. Tulichukua ile dawa ya kusafishia choo. Tukachukua na ile ya kutakatishia nguo nyeupe. Kila moja peke yake inafanya kazi. Tukasema, zikiwa pamoja si zitafanya mara mbili? Tulizimimina kwenye karai moja, jikoni, dirisha limefungwa kwa sababu ya upepo.

Karai likapumua.

Sina neno jingine. Lilipumua, na pumzi yake ilikuwa na umanjano wa usaha, nayo haikunusika, ilikata. Macho yalijaa maji. Koo lilifunga kama mlango. Povu alianguka magoti, anatafuta hewa chini ya meza, anatoa sauti ya mbwa aliyemeza mfupa. Nilimvuta kwa gauni mpaka nje. Alitapika kwenye mchanga, na mimi nikatapika kwa kumwona. Mume wangu aliacha bisibisi, akajifunga shati puani, akaingia kufungua dirisha, akatoka macho mekundu. Mchana mzima tulikaa chini ya kivuli cha ukuta, tunakohoa, mate yanatudondoka kama watoto wanaoota meno.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Alama ya kusimama ilikuwa imeandikwa kwenye makoo yetu.

Povu ndiye aliyesema, kwa sauti iliyobaki: "Shoga, tumekosea dawa tu. Meno ya binadamu yakiwa ya njano tunafanyaje?"

Tukatazamana.

"Inayong'arisha jino," alisema, "itashindwaje na boti?"

*

Tyubu tisa. Nyingine nzima, nyingine zimekunjwa mkia mpaka shingoni, nyingine Povu alizipasua kwa mkasi akakwangua dawa iliyobaki ndani kwa kijiko. Na miswaki. Miswaki yote ya nyumba, ya zamani, iliyokuwa imewekwa kwa ajili ya kusugulia viatu. Mswaki wa marehemu mama mkwe, nywele zake zimelala pande mbili kama masharubu ya paka aliyelowa. Mswaki ambao hakuna aliyekubali kuwa ni wake. Nilipiga magoti chini ya boti kubwa kama chumba, nikaanza kuisafisha meno.

Povu lilishuka mkononi mpaka kwenye kwapa. Povu zito, jeupe, la baridi, kama mate ya mnyama mkubwa aliyelala. Vumbi la boti likachanganyika nalo, likawa uji wa kijivu, ukanidondokea usoni, mdomoni. Niliutema. Ulikuwa mtamu. Hilo ndilo lililonitia kinyaa kuliko yote: ulikuwa mtamu.

Lakini nilipofuta kwa kitambaa, ikang'aa.

Kipande kidogo, ukubwa wa sahani. Kiling'aa kama kitu kilichofumbua jicho. Niliona ndani yake mawingu, kamba za nguo, na uso wangu. Nikaita, "Povu, njoo uone." Akaja, akaona, akaweka mkono kifuani. Na mimi moyo wangu, ambao ulikuwa umejikunja siku nne, ukajinyoosha. Sugua, futa, ikang'aa. Sugua, futa, ikang'aa.

Kisha nikafika kwenye mstari.

Ulikuwa chini, nyuma, karibu na pale injini inapopachikwa. Mstari mwembamba, mweusi, kama unywele ulioganda kwenye sabuni ya kuogea. Urefu wake kiwiko mpaka kidole cha kati. Nilisugua, haukutoka. Nikaweka dawa juu yake, ukaimeza. Nikaweka tena, ukaimeza. Nikachukua tyubu nzima, nikaweka mdomo wake kwenye mstari, nikaikamua yote kuanzia mkia, na mstari ukainywa yote, polepole, kama kitoto kichanga. Kisha ukashiba. Nikalainisha kwa kidole gumba. Mstari ukatoweka.

Kitu kinachomeza tyubu nzima hakiwezi kuwa mkwaruzo. Nilijua? Kidole kilijua. Kilisikia pale pembeni panavyobonyea kidogo, panavyorudi kidogo. Kidole kiliniambia, nikakinyamazisha, nikakifuta kwenye gauni.

Mwisho tulipaka mafuta ya kupikia. Yale ya kwenye kikaango, yaliyokwisha kukaangia samaki mara mbili, tukayachuja kwa kitambaa. Povu alisema yataipa ulaini. Yaliipa. Boti ikasimama juu ya magogo yake inameta, imelowa, imenona, inanuka samaki na usafi. Nzi walitua juu yake wakateleza.

Ikang'aa hata kuku wakaikimbia.

*

Nahodha alirudi Ijumaa mchana na injini nyuma ya gari. Alisimama. Alitazama. Akavuta pumzi kwa pua.

"Mama, hii boti imepiga mswaki?"

Povu alicheka mpaka akaanza kukohoa tena. Mimi nilisema, "Umeionaje?"

"Inang'aa." Alipitisha mkono, mkono ukateleza, akaunusa, akakunja uso. "Na nikawaambia isiguswe. Sawa. Nitaiosha kwa sabuni niione vizuri, maana mafuta haya yamefunika kila kitu. Mlipokuwa mnasugua, huko chini mliona chochote? Ufa? Mahali pamebonyea?"

Aliniuliza mimi. Alinitazama mimi. Mtoto niliyemfundisha mwenyewe kusema kweli, kwa kofi na kwa pipi.

"Hakuna," nikasema.

Neno dogo, limetoka jepesi, limepakwa mafuta nalo. Na kabla hajachukua ndoo, gari la mkaguzi likapiga honi langoni.

Wanasema uvumi huwa uongo. Nakuapia ule ulikuwa kweli neno kwa neno. Alishuka, mtu wa kitambi, kalamu mbili mfukoni. Hakuinama. Alipitisha kiganja ubavuni, hivi, akakitazama juani. Kilikuwa kisafi, kinameta mafuta ya samaki. Alikifuta kwenye suruali. Kisha akasogea karibu, akajiona usoni ndani ya boti yetu, akafungua mdomo, na kwa ukucha wa kidole kidogo akachokonoa kitu kati ya meno yake, akakitazama, akakirudisha mdomoni akakitafuna.

Ndani ya weupe niliousugua kwa magoti yangu.

"Nani kaisafisha?"

"Ni mimi, mzee."

"Hongera, mama. Wenzako wananiletea mapipa ya takataka. Waje wajifunze hapa."

Akaegemeza karatasi juu ya boti, akaweka sahihi, karatasi ikanyonya mafuta ikawa na doa. Nahodha aliipokea kwa mikono miwili, ndoo ya sabuni akaisahau. Alinikumbatia. Sikumbuki mara ya mwisho kunikumbatia vile, mbele za watu, kama mtu aliyefika mahali. Mwili wangu ulikuwa unanuka, na yeye akanikumbatia hivyo hivyo.

*

Asubuhi ya Jumamosi nilitoka na kikombe cha chai. Vijana wa kubeba boti walikuwa wameshaitwa. Nahodha alikuwa ndani anavaa, namsikia anaimba kwa kila kifungo anachofunga.

Na ubavuni mwa boti, chini, nyuma, kulikuwa na mstari.

Mweusi. Kiwiko mpaka kidole cha kati. Nikasema nimeona vibaya. Nikasogea. Mstari ulikuwa unatembea.

Sisimizi. Mamia yao, wamejipanga juu ya ule weupe unaometa, hawaendi kulia wala kushoto, wamelala juu ya mstari wangu kama kwamba mtu ameuchora kwa wino. Mahali pengine popote palikuwa na mafuta matupu, hakuna utamu wa kula. Pale yalikuwa yamezama ndani pamoja na utamu wa ile dawa, na sisimizi walikuwa wanaingia na kutoka, wanaingia na kutoka. Wanaingia. Elewa, mama mwenzangu. Sisimizi haingii kwenye mkwaruzo.

Nikawafuta kwa upindo wa kanga. Wakarudi, pale pale. Nikawafuta tena, nikawasaga kwa kidole, nikanusa harufu yao chungu. Wakarudi, pale pale. Nikatia ukucha. Dawa ya meno ikatoka, laini, haijakauka, haikuwa imeshika chochote. Ukucha ukazama, kisha nyama ya kidole ikazama nyuma yake, na ncha ya kidole ikahisi baridi ya upande wa pili.

Hapa ndipo napaogopa kuandika. Nilitoa kidole, nikalainisha. Nililainisha tena. Nilitazama dirisha la chumba chake, nikatazama njia wanayokuja vijana, na nikahesabu: mpaka gatini ni mwendo mfupi, maji ya pale ni ya utulivu, pengine itashika, pengine ni leo tu. Kwa muda wa chai kupoa nilikuwa mama anayempeleka mwanawe majini ndani ya kitu kilichozibwa kwa dawa ya meno, pamoja na wajawazito wa watu, ili asiitwe jina baya. Mende niliwaona wachafu. Mkaguzi nilimwona mchafu. Hakuna uchafu ulionifikia koo kama ule.

Nikamwaga mchangani chai iliyopoa.

"Nahodha," niliita. Nikaita tena. "Mwanangu. Njoo."

Akaja amevaa jaketi la kuokolea, ametoka amependeza, kofia yake mpya. Nilimwonyesha kwa kidole kile kile.

Aliwatazama sisimizi. Aliinama. Yeye anainama. Alikwangua kidogo kwa funguo, akanyanyuka, akasema bila kunitazama, "Leteni ndoo za maji. Mimineni ndani."

Povu alileta, vijana wa kubeba walileta. Ndoo ya kwanza, ya pili, ya tatu, boti ikiwa juu ya magogo yake, na sisi wote tumesimama nyuma yake tunatazama chini, kama watu wanaosubiri ng'ombe azae. Kwanza hakukuwa na kitu. Kisha kikaanza kujitokeza. Cheupe, laini, kimejikunja, kinasukumwa kutoka ndani taratibu kama funza anayekamuliwa kwenye kidonda. Kikaning'inia. Kikaanguka mchangani. Kikafuata kingine. Kisha maji, uzi mmoja wa maji, mwembamba, wenye harufu nzuri, usiokatika.

Nahodha alikinga kiganja, kikajaa.

"Angalau ni ufa msafi," Povu akasema, akitafuta pa kushika.

Kijana mmoja akacheka. Nahodha hakucheka. Alivua kofia.

"Uliuona?"

"Niliuona."

"Jana nilipokuuliza, ulikuwa umeuona?"

"Nilikuwa nimeuona."

Maji yalikuwa yanatiririka kati yetu.

"Kwa hiyo, mama," alisema, polepole, kama anayesoma, "ulitaka nizame nikiwa nanukia."

Simu yake ikaita. Ilikuwa zahanati, wauguzi walikuwa gatini wamekwisha kufika. Angeweza kusogea pembeni. Hakusogea. Aliongea pale pale, vijana wanasikia, mimi nasikia. "Leo siji. Boti yangu ina ufa. Ndiyo, ina cheti. Ina cheti na ina ufa." Akasikiliza. Kisha, "Nimeelewa. Asante."

Walichukua boti nyingine. Hadi naandika hapa hawajapiga tena.

*

Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Karatasi yenye doa la mafuta aliirudisha ofisini kwa mkaguzi kwa mkono wake, na mkaguzi alimwambia, "Binti, kilichopita kimepita, mbona unajitafutia kazi?" Aliiacha mezani kwake, akaondoka. Mimi akanipa sabuni na ndoo.

"Toa kila ulichopaka," aliniambia. "Kila kitu. Nataka niione ilivyo."

Siku tatu, mama mwenzangu. Kusugua ulichosugua ni adhabu ya peke yake. Mafuta yalikuwa yameanza kuoza juani, yamekuwa gundi, yamenasa nzi, vumbi, manyoya ya kuku. Mikwaruzo yote ilikuwa imejaa uji mgumu wa dawa ya meno, nikaichokonoa kwa njiti, mmoja mmoja, kama mkaguzi na jino lake. Nilitapika mara mbili. Mng'ao ulitoka kama ngozi ya maziwa, na kila ulipotoka palibaki chaki. Mbele, chini ya pale nilipojiona uso wangu, tulikuta ufa wa pili, mdogo, umetawanyika kama nyota. Huo nao nilikuwa nimeuficha, na huo hata sikujua.

Sasa fundi wa faiba anakuja, atakata pabovu aweke pazima. Baadaye, Nahodha amesema, baadaye ndiyo itasuguliwa, kwa dawa yake na nta yake, na atasugua mwenyewe. Ameanza kunijibu salamu kwa sentensi nzima. Jana aliniomba nimshikie tochi awe anatazama chini ya mkuku, ule uti wa mgongo wa boti. Nilishika.

Leo asubuhi nilitoka, nikapitisha kiganja ubavuni mwa boti, nikakitazama juani. Kilikuwa cheupe. Cheupe pepe, mistari yote ya mkono inaonekana, kama ramani. Vumbi lile lile lililonitia kichefuchefu. Nilikaa nalo barazani mpaka chai ikaiva, na lilikuwa kavu, halina mafuta, halina utamu, halinukii kitu chochote.

Usisugue kitu kabla hujakikagua.

Usitumie waya wa masufuria. Unaacha kutu.

Usichanganye dawa ya choo na dawa ya kutakatishia nguo. Si jikoni, si nje, si kidogo.

Usipake mafuta ya kupikia.

Usiweke dawa ya meno kwenye mstari unaomeza.

Usiamini kiganja cha mtu asiyeinama.

Usifute sisimizi kabla hujatazama wanaingia wapi.

Mwanao akikuuliza uliona nini, usiseme hakuna.

Usiogope mkono mweupe. Ni vumbi. Utanawa.